Maziwa ya Ng'ombe wa Kukabidhiwa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, upepo wa Dodoma ukitutia vumbi hadi kwenye meno, niliitwa ofisini kwa profesa wangu, Mama Chilongani. Nilienda nikijivuna, maana nilidhani ananiita kuisifia sura ya tatu ya tasnifu yangu. Mwanangu, juzi ulinipigia simu kwa furaha kwamba umepata nafasi ya usaidizi wa kufundisha katika uzamivu wa Kiingereza. Hongera nimeshakupa. Haya ni mengine, tulia nikusimulie.

Nami nilipata nafasi kama yako. Chuo kilinisamehe ada, kikanipa posho, nami nikatakiwa kufundisha semina za Kiingereza za mwaka wa kwanza. Kijijini kwetu, upande wa Mtera, waliposikia nasomeshwa bure walichinja mbuzi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia maji mengi. Nikaamini ufadhili ule ni zawadi ya akili zangu, na wale wanafunzi ni kelele tu zinazonichelewesha kuitwa daktari.

Nikabuni ujanja, na usicheke, najua hata leo upo. Kila semina niliwapa kazi ya vikundi. Kikundi kinasimama mbele, kinawasilisha, wenzao wanapiga makofi. Mimi nimekaa nyuma na kompyuta yangu, naandika tasnifu. Waliojua Kiingereza walizidi kujua. Wasiojua walijificha migongoni mwa wenzao.

Mmoja wao alikuwa Mwanaidi, binti wa wakulima wa milimani kule Kondoa. Alijua anapungukiwa, wala hakuona aibu kuomba. Alikuwa akinisubiri mlangoni na insha yake mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unioneshe tu ninapokosea."

"Njoo wiki ijayo, Mwanaidi," namjibu huku nafunga begi. Wiki ijayo inafika, namwambia vilevile. Siku moja nikamwambia kawia ufike, nikajiona nimesema la hekima!

Mwisho wa mwaka alifeli somo langu, na mengine pia, kwani yote yalifundishwa kwa lugha hiyohiyo. Akafeli na mitihani ya marudio. Wanafunzi wana neno lao: alidisko. Jina limefutwa, funga sanduku urudi kwenu. Mimi hata sikujua ameondoka lini.

Ndipo Mama Chilongani akaniita. Hakunikaribisha kiti.

"Kijana, wewe ni Mgogo kama mimi. Ukikabidhiwa ng'ombe wa mtu uchunge, maziwa unakunywa, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ng'ombe akifa?"

"Nampelekea mwenyewe ngozi. Namweleza alivyokufa."

"Mwanaidi amepotea mkononi mwako. Posho umekunywa mwaka mzima. Mbona hukuja kunieleza?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Aliniambia niende kwao nikaseme ukweli, na kwamba yeye atamtafutia binti njia ya kuomba upya.

Nikaenda Kondoa. Baba yake, mzee mpole mwenye kofia ya kufuma, alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu sana, mwalimu. Binti ametueleza ulivyohangaika naye. Kichwa chake ndicho kizito, wewe huna kosa." Mwanaidi alikuwa pembeni anapepeta uwele, hakuinua macho. Alikuwa amenifichia aibu yangu kwa baba yake.

Nilipaswa kusema palepale. Ulimi ukagoma, mwanangu. Nilikula chakula chao, nikapokea asali waliyonifungia, nikapanda basi. Mama Chilongani nikamwambia binti hataki kurudi. Ndiyo, nilimdanganya pia.

Miaka ilipita, nikawa daktari kweli, usingizi ukawa haunijii. Nikarudi. Mzee alikuwa ameshazikwa. Mwanaidi alinisikiliza hadi mwisho, mtoto wake mgongoni.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema. "Ila baba hakuyasikia haya."

Sasa nimestaafu, naishi hapa Ihumwa, na majirani wananiita daktari. Kila wanaponiita hivyo naona haya.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ufadhili haukuja kwako kwa sababu wewe ni bora kuliko watu. Kuna watoto wameletwa darasani na wazazi waliouza mazao, na wewe umelishwa ili uwahudumie. Tasnifu iandike, tena iandike vizuri, lakini isiandikwe kwa saa zao. Anayekufuata na insha mkononi msomee siku hiyohiyo. Na ukikosea, maana utakosea, kiri mapema, wakati wanaopaswa kukusikia bado wapo, usiseme nitarudi.

Mungu akusimamie katika masomo yako. Akupe cheo unachokitafuta, na akujalie kila mwanafunzi wako uweze kumtazama baba yake usoni.