Alhamisi Mwalimu Mhina Alipokuwepo

Mwalimu Rukaya ana ubishi wa kimya, ule mbaya kuliko wa makelele. Ukimwambia jambo haliwezekani anakujibu, "Sawa, Mwalimu," halafu anakwenda kulifanya. Mimi Mhina, mwalimu wa taaluma wa shule yetu hapa Korogwe, nimefanya naye kazi miaka sita na sijawahi kumshinda.

Mwaka huu alipewa darasa la pili, watoto sabini na wawili, mmoja wao Swaumu, binti aliyezaliwa na ile hali inayoitwa Down. Mimi nikaandika barua kwamba hafundishiki, apelekwe shule yenye kitengo cha elimu maalumu, huko mbali, akalale bweni. Mama yake alilia ofisini kwangu. Nikamfariji kitaalamu, nikamwambia ni kwa faida ya mtoto.

Rukaya akasema, "Sawa, Mwalimu." Akakata maboksi, akatengeneza kadi za majina, za watoto na za walimu pia, kila moja na picha yake. Kila asubuhi kazi ya Swaumu ikawa kuzibandika ubaoni, waliopo huku, wasiokuwepo kule. Nikasema anakariri sura tu, hiyo si kusoma. Basi akaanza kuzibandua picha moja moja mpaka yakabaki majina matupu. Nilicheka sana, maana mwenye diploma ya kucheka nilikuwa mimi.

Mthibiti ubora wa shule alikuja Alhamisi kuamua kuhusu ile barua. Tulishanong'onezwa kwamba anakuja, kwa hiyo siku hiyo nilikuwepo. Mama Swaumu alisimama mlangoni kashika ncha ya mtandio.

Mthibiti akachagua kadi moja. "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Swaumu akaitazama, akaitazama. Nikaanza kupumua vizuri.

"Mhina," akasema, akaibandika kwa wasiokuwepo.

"Mwalimu Mhina si huyu hapa?"

"Leo Alhamisi," Swaumu akamweleza taratibu, kama anamwonea huruma kwa uzito wake wa kuelewa. "Alhamisi yuko Vugiri. Analima tangawizi."

Darasa zima likaitikia kwa kichwa. Jamani, niliishiwa pozi.

"Huyu mtoto hajui asemalo," nikasema. "Anabahatisha."

Mthibiti akafungua daftari lake. "Tuelewane, Mwalimu. Kama anabahatisha, barua yako ni ya kweli na Jumatatu anahama. Kama anasoma na kuelewa, basi na hilo la Vugiri analielewa. Niandike lipi?"

Nikamtazama Rukaya anitetee. Alikuwa anamfunga Swaumu kifungo cha shati, hana habari na mimi. Pale mlangoni yule mama alikuwa hata hapepesi macho. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Anasoma," nikasema.

"Sema kwa sauti, Mwalimu. Mama yake hajasikia."

Nikasema tena.