Wiki Niliyoinunua Ugenini

Siku ya mwisho ya semina, nchini Uturuki, nilialikwa kusikiliza maelezo mafupi hotelini, nikarudi chumbani nikiwa mmiliki wa wiki moja. Nyumba yenyewe haikuwa yangu. Kila mwaka ningepewa siku saba katika fleti kando ya bahari, na kila mwaka ningelipia matunzo yake, niende nisiende. Kifungu kimoja kiliwarithisha wanangu mzigo huo.

Nina shahada mbili na sitajitetea. Mwuzaji alinimiminia chai, akauliza hali ya mama yangu, akalisikiliza jibu hadi mwisho. Kwetu Bomet, mtu akikutendea hivyo huinuki ukamwambia hutaki. Nilitia sahihi kwa adabu.

Niliporudi niliuficha mkataba chini ya nguo. Nilijiaminisha kwamba muda wa kujitoa umepita, maana kuufungua kungekuwa kuitazama aibu yangu. Hatimaye nilimweleza mama tukiwa tunachuma chai, katika shamba alilolipanda na marehemu baba kabla sijazaliwa. Vidole vyake havikusita. Aliuliza ni nani analala mle wiki nyingine zote, akacheka kidogo. Kisha akataka kujua kama wale watu nimewaambia kwamba sitaki.

"Bado, mama."

"Sasa watajuaje?"

Nikamjibu kwamba walitoa siku kumi na nne tu, nazo bila shaka zimekwisha. Hapo ndipo aliposimama. Alishika chipukizi moja, akaligeuza taratibu kama anayesoma.

"Mstari huu tuliuchuma siku uliyofika. Haya ni majani ya siku kumi, yakizidi sana kumi na moja. Kalete hiyo karatasi."

Nilikuwa nimetia sahihi siku mbili kabla ya kufika nyumbani. Nilipoifungua karatasi na kuhesabu, ilikuwa siku ya kumi na tatu. Nilihesabu tena, nimesimama kati ya michai. Nimekulia humu, nimesomeshwa na majani haya, na sikuwahi kujua kwamba shamba linaweka tarehe, wala kwamba mama amekuwa akizisoma maisha yangu yote bila kumtangazia mtu.

Barua niliiandika kwa simu, nikiwa nimekalia gunia tupu kwenye kituo cha kupimia majani, mahali ambapo mtandao hupatikana. Ilikuwa na sentensi nne. Baada ya siku tatu likaja jibu: mkataba umefutwa, hakuna nitakachodaiwa, mimi wala wanangu.

Nilimkuta mama nyuma ya jikoni akisugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa. Nikamsomea jibu lote. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua.

"Na ile chai aliyokupa," akasema, "ulimshukuru?"

Sikuwa nimemshukuru. Nikarudi kituoni, nikakalia gunia lilelile, nikaandika sentensi ya tano.