Hekalu Lililoshusha Simtanki Letu

Maji yaliacha kutoka bafuni kwetu Kilole, Korogwe, kwa sababu ya Hekalu la Yerusalemu. Fundi bomba alicheka nilipomweleza hivyo kwenye simu, akadhani nina utani wa kukosa kazi, akakata. Ilibidi nimpigie tena na kumwambia tu kwamba tangi liko chini, aje na ngazi.

Habari yenyewe ilianza baba alipofunga bucha. Alikuwa amechinja tangu ujana wake, na mtu wa namna hiyo ukimkalisha barazani siku nzima bila kisu anakuharibia nyumba. Nikamnunulia simu ya kupangusa asikilize mawaidha. Akasikiliza wiki nzima kwa adabu. Kisha simu, kwa akili zake yenyewe, ikamletea mzungu mwenye kofia ya jua amesimama juu ya mawe, akatafsiriwa kwa Kiswahili cha haraka haraka, akisema dunia nzima inakosea. Hekalu la kale la Wayahudi, alisema, halikusimama kule juu kilimani watu wanapopaonyesha siku zote. Lilikuwa chini zaidi, jirani na chemchemi.

Baba aliangalia, akarudia, akaniita jikoni.

"Mwanangu, huyu alikuwa na bucha?"

"Ni mtu wa historia, baba."

"Hapana. Huyu amewahi kuosha utumbo."

Tangu hapo hatukupumzika. Hoja ya baba ilikuwa fupi na alikuwa tayari kumpa mtu yeyote aliyepita mbele ya nyumba, pamoja na mama muuza vitumbua aliyekuwa na haraka zake. Nyumba ile aliyoijenga Nabii Suleimani, alisema, walichinjwa ndani yake ng'ombe na kondoo wasio na idadi. Kwa hiyo pamoja na utukufu wake wote ilikuwa machinjio. Sasa ni mtu gani mwenye akili anayeweka machinjio juu ya kilima wakati maji yako bondeni? Damu utaiosha kwa maji gani? Kinyesi utakipeleka wapi? "Ukichinja juu," alimalizia kila mara, "inzi watakuzika."

Kilichomtia wazimu zaidi ni kwamba alijiona amepata dawa ya vita. Kule juu kuna msikiti, watu wanagombania kilima, damu inamwagika. Basi wakiambiwa kwamba kitu chenyewe kilikuwa bondeni, ugomvi umekwisha. Akaniagiza nimtafutie namba ya ubalozi.

"Ubalozi wa nani, baba?"

"Wowote. Wote wanahusika."

Mpinzani wake alikuwa mwinjilisti mstaafu, Msambaa wa Lutindi, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Baba ni Mwislamu, Mzigua wa Handeni ndani ndani huko. Urafiki wao ulitokana na maini, ambayo baba alikuwa akimwekea kila Jumamosi kabla wateja wengine hawajafika. Kwa miaka yote walikuwa wanakunywa kahawa pamoja alasiri na hawakugusa dini hata siku moja. Sasa waligusa hiyo tu.

"Imeandikwa ni mlimani," alisema mwinjilisti. "Na kabla ya Hekalu palikuwa kiwanja cha kupuria nafaka. Wewe uliona wapi watu wanapuria bondeni? Makapi yatapeperushwa na nini? Kwetu milimani tunajua upepo uko wapi."

"Kwenu milimani mnajua kabichi," alisema baba.

"Tunajua na upepo."

Mama alikuwa akiwasikiliza kutoka ndani, mlango ukiwa wazi. Nilikuwa nimerudi nyumbani kwa ajili yake. Moyo wake ulikuwa umeanza kumchezea, miguu inavimba, na daktari alikuwa ameniambia pembeni kwamba safari za mbali, kama zipo, zifanyike mapema. Nilipomuuliza mama kama kuna mahali anataka kwenda, alisema pako mahali pamoja tu, huko Handeni, lakini hajui ni wapi hasa. Nikadhani ni dawa zinamchanganya. Nilikuwa na hasira na baba wakati huo, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Siku moja kabla simtanki halijashushwa, mwinjilisti alipiga pigo ambalo sikumtarajia nalo. Alisema watu wa Yerusalemu walikuwa na visima vya kukinga mvua na mifereji ya kuleta maji kutoka mbali, hivyo kilima hakikuwa taabu kwao. Kisha akanyoosha mkono kuelekea uani kwetu, kwenye simtanki letu jeusi lililokaa juu ya jukwaa la matofali.

"Lile umeliweka juu au chini?"

Baba aligeuka akalitazama. Alimaliza kahawa yake, akaaga, akaingia ndani kulala saa kumi jioni. Kesho yake niliporudi kutoka sokoni nilikuta vijana wa bodaboda watano wameshika kamba, na simtanki liko ardhini karibu na kibanda cha kuku. Baba amesimama kando na mikono nyuma, kama mtu anayesimamia maziko. Aliniambia hawezi kuhubiri bondeni huku tangi lake liko kilimani.

Nilisema maneno ambayo binti hapaswi kumwambia baba yake, na mengine nikayasema moyoni. Maji hayakupanda tena bafuni. Ikawa kila anayetaka kuoga anachota kwa ndoo, naye mwinjilisti, aliyekuwa anaoga kwake, alikuja kushangilia. Siku ya tatu nikamkuta mama ameshika ukuta katikati ya ua, ndoo imepinduka miguuni pake, anahema. Wazee wawili walikuwa barazani wanabishana kama chemchemi inaweza kuitwa mto.

Nilimkalisha mama kwenye kigoda. Hakulia wala hakupaza sauti. Alimtazama baba tu.

"Mzee, wewe unajua nyumba ya Mungu ilikuwa wapi?"

"Najua," alisema baba. Hakuona kinachokuja.

"Nyumba yetu ilikuwa wapi?"

Baba aliinuka akaisimamisha ndoo iliyopinduka. Mwinjilisti akaitafuta kofia yake. Mama akaeleza, na ndipo nikajua, katika umri huu nilio nao, kwamba mimi si mtoto wa kwanza wa mama yangu.

Walikuwa vijana, wamejenga nyumba yao ya kwanza ya udongo huko Handeni. Mtoto alizaliwa, akakaa siku chache, akafariki kabla ya siku ya kutolewa nje na kupewa jina. Wakati ule kwetu, kichanga ambaye hajatolewa nje hakuzikwa na wanaume. Wanawake walimchukua kwa mlango wa nyuma, wakamzika upande ule maji ya kuogea yanapomwagwa, ili ardhi yake isikauke. Wanaume walikaa mbele ya nyumba na hawakuuliza kitu. Mama mwenyewe alibaki ndani, hakuruhusiwa kutoka. Kabla mwaka haujageuka watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zikabomolewa, baba na mama wakaja Korogwe kutafuta maisha, na wanawake waliojua wakafa mmoja mmoja. Mama alitaka kusimama pale mara moja kabla miguu haijakataa kabisa. Hilo ndilo alilokuwa ananiambia, nami nikasingizia dawa.

Simtanki lilirudi juu kesho yake. Mwinjilisti mwenyewe alishika kamba.

Lakini baba ni baba. Usidhani alinyamaza na kutubu. Baada ya siku mbili za kutokula vizuri alitoka chumbani na nadharia. Ukoo wetu husoma dua kila mwaka huko Handeni juu ya mwinuko mmoja wenye mawe, ambapo baba mdogo, mdogo wake baba aliyebaki kule, anasema ndipo yalipokuwa maskani ya zamani, pamoja na nyumba ile ya udongo. Hakuna aliyewahi kumbishia. Sasa baba alisema wote wamepotea, na mdogo wake ndiye aliyewapoteza.

"Mama yangu alibeba maji kichwani," alisema. "Angekubali kujengewa juu kule? Nyumba ilikuwa bondeni, karibu na bwawa. Ni kosa lilelile la Yerusalemu."

"Na mahindi mlipeta wapi?" aliuliza mwinjilisti, na nikajua kwamba naye atakuja.

Tukakodi gari aina ya Noah. Mama alikaa mbele, miguu juu ya mto. Nyuma walikaa baba na ndoo tupu, na mwinjilisti na ungo alioazima kwa mkewe. Barabara ya Handeni ni nzuri siku hizi lakini kwao ilikuwa ndefu, maana hawakuwa wanaongea. Baba mdogo alitupokea kijijini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwenye ungo. Alipoelezwa tulichofuata alikasirika hadi kofia ikamtoka.

"Kaka, dua zote zile tulizosoma juu ya mawe, zilikwenda kwa nani?"

"Mungu anajua kuzipeleka," alisema baba. "Wewe nionyeshe bwawa."

Nilichokiona mchana ule nikikisimulia watu hudhani naongeza chumvi. Mwinjilisti na baba mdogo walipanda kwenye mwinuko, na mtumishi wa Mungu akarusha pumba alizoomba kijijini juu kwa ungo ili kuthibitisha upepo. Upepo ukamrudishia pumba zote usoni. Akapiga kelele kwa furaha kwamba umeonekana. Chini kule, baba alijaza ndoo bwawani na kuanza kupanda nayo akiwa anaguna kwa sauti ili wasikie jinsi ilivyo taabu, akamwaga, akateremka kujaza nyingine. Mmasai mmoja aliyekuwa akichunga jirani akaja akasimama karibu yangu, akaegemea fimbo.

"Wanatafuta dhahabu?"

"Wanatafuta nyumba."

"Ya nani?"

"Yao."

Akawatazama kwa muda, halafu akawaswaga ng'ombe wake wakale mbali na sisi.

Mama alikuwa amekaa garini, mlango wazi. Nilikwenda kumpa maji, akayakataa. Alikuwa amekasirika. Sikuwahi kumwona hivyo, na nikafurahi, maana nilikuwa nimechoka kukasirika peke yangu.

"Waite," alisema.

Wakaja wote watatu, mmoja amelowa na mmoja ana pumba kwenye nyusi.

"Nani alikuwa ndani ya nyumba ile siku ile?" aliuliza mama.

Mwinjilisti akafuta pumba kwenye nyusi.

"Nilikuwa mimi. Na hakuna aliyeniuliza."

Akasema kitandani miguu yake ilielekea mlango wa mbele. Sakafu ilikuwa imeinama, kichwa kikawa chini kuliko miguu, hata mama mkwe akamwekea nguo za kuinulia. Alilala kwa ubavu wa kushoto akitazama ukuta. Na jembe alilisikia nyuma ya mgongo wake, karibu sana, likigonga mara chache tu, kwa kuwa shimo lilikuwa dogo.

Kisha akaomba mkeka.

Tukampeleka kwanza kwenye mwinuko wa baba mdogo. Baba alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, mwinjilisti alibeba mkeka kichwani. Mama alilala kwa ubavu wake wa kushoto, akafumba macho. "Hapa ni tambarare," alisema. Baba akashindwa kuficha meno. Tukateremka bwawani, tukatandika tena, akalala. "Hapa pia tambarare. Na pana mbu." Baba akaficha meno. Tukaanza kupanda polepole, tukitandika na kutandua, wazee watatu wakibishana kwa kunong'ona kichwa kielekee wapi, na kila mara mama analala, anasikiliza, anatikisa kichwa, tunamnyanyua. Nilitaka tusimamishe, kwa ajili ya moyo wake. Akanitazama jicho moja tu, nikatandika mkeka.

Ilikuwa katikati ya mteremko, mahali pasipo na kitu. Si juu kwa baba mdogo wala si chini kwa baba. Nyasi tu na kichuguu kilichobomoka. Mama alilala, akakaa kimya muda mrefu kuliko kwingine, mpaka nikainama kuangalia kama anapumua. Kisha, bila kugeuka, akapeleka mkono wake nyuma ya mgongo akagusa ardhi.

"Huku."

Ni mwinjilisti aliyejikohoza, kwa mazoea tu, masikini, sidhani kama alikusudia ubaya.

"Lakini ushahidi wake ni upi?"

"Mwanamke amelala hapa!" Baba alifoka. "Ushahidi gani tena unataka?"

Mwinjilisti akavua kofia. Baba mdogo, aliyekuwa amelinda mawe yake maisha yote, akavua viatu. Baba akapiga magoti palepale mama alipogusa, akainua mikono na kuanza dua. Alianza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuitia wateja, na kidogo kidogo ikashuka. Alipofika mahali pa kumtaja marehemu alikwama. Mtoto alikufa kabla ya siku ya jina, na yeye alikuwa amekaa mbele ya nyumba, kama alivyotakiwa, na hakuuliza kitu.

Akamgeukia mama.

Mama aliinuka kwenye mkeka kwa kiwiko, akamvuta baba shingo, akamwambia sikioni. Alikuwa nalo jina, kumbe, miaka yote. Mimi nilikuwa hatua moja tu kutoka kwao na sikulisikia, na mpaka leo hakuna aliyeniambia.

Baba alifuta uso kwa kanzu, akainua mikono tena, akaendelea na dua pale alipoishia.