Hakutia Sahihi Hesabu Ile

Habari nilipewa Alhamisi asubuhi, nikiwa kwa kinyozi mjini Malindi, povu shavuni: rafiki yangu mhandisi ameaga dunia, moyo umemsimama, na atazikwa kwao Mambrui baada ya swala ya alasiri. Nikaondoka nimenyolewa upande mmoja. Nimezika watu wengi na nimewalia. Huyu nimemzika kwa hasira, na msomaji wangu aniwie radhi, maana haijapoa.

Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za hewa kwa kompyuta. Kiwanda kikitaka kujua vumbi lake litakwenda wapi, yeye hulikata banda zima, mle ndani ya kompyuta, kuwa vijumba vidogo mamilioni, kisha akauliza kila kijumba hewa inapitaje. Siku moja nilimwambia sielewi. Akachukua chetezo cha mama yake, akatia udi, akakiweka chini ya feni. "Kuna njia mbili," akasema. "Moja hutoa wastani, na kwa wastani moshi huu watoka dirishani. Ya pili huifuata kila chamchela, hata iwe ndogo vipi, inavyojizungusha. Sasa wewe uliyekaa hapo, mbona wafikicha macho?"

Miaka miwili iliyopita aliitwa na kiwanda kimoja cha chokaa upande wa Kilifi. Kabla ya kufungua kompyuta, alimwendea mama mmoja wa Kigiriama anayejaza magunia pale, akamwamkia, akamwuliza. "Mwanangu," mama akamwambia, "vumbi latoka vizuri. Ila lori likija, wakifungua lango, larudi lote usoni." Hesabu fupi, ya siku moja, ilisawazisha kila kitu na lango halikuonekana. Ile ndefu, ya wiki tatu, ilionyesha vumbi likigeuka na kumrudia mama. Meneja akaitaka fupi, yenye picha ya rangi nzuri na mishale yote ikielekea nje. "Tia sahihi, mhandisi. Hii ndiyo tuliyokuagiza." Akamjibu, "Bwana, wastani haukohoi." Hakutia, na kazi yake ikaishia hapo. Akaja kwangu kuniomba niandike gazetini. Wiki ile mimi niliandika juu ya matuta ya barabarani.

Siku ya hitima, meneja yuleyule alisimama, kanzu mpya, akasema marehemu ndiye aliyethibitisha kuwa banda lao ni salama. Akamkabidhi kaka wa marehemu nakala ya ile picha ya mishale, imetiwa fremu, na chini yake jina la marehemu. Asiyekuwepo na lake halipo. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia kwa adabu za matanga, na adabu hizo nazijutia. Kaka mtu aliitazama, akasema taratibu, "Ndugu yangu jina lake alikuwa akiliandika mwenyewe." Akailaza mkekani, uso chini.

Somo ni chungu na nalisema kwangu kwanza. Wakubwa wanaupenda wastani kwa sababu wastani hauna kifua wala watoto wa kuuguza. Anayejua ukweli ni aliyesimama vumbini, na sisi wenye kalamu tunamfikia baada ya mazishi. Jumatatu nilikwenda Kilifi, nikamngoja yule mama nje ya kiwanda. Nilimpa shikamoo, nikamwuliza kama kuna lililobadilika.

"Wametundika picha ya mishale ukutani," akasema, akajifunga leso mdomoni, akaingia kazini.