Bendera Nyekundu Katika Lengalenga

Siku hizi nikiona kitambaa chekundu kwenye fimbo, mate yananijaa kinywani, yale yanayotangulia kutapika.

Bustani yangu ilikuwa nyuma ya karakana za zamani za kampuni ya shaba, pale mfereji unapopita. Marehemu bwana yangu alifanya kazi humo mpaka zilipofungwa. Alikuwa mtu wa Kasai kama mi, baba yake aliletwa kwa treni kuja kuchimba shaba. Mtu wa masihara, akila bukari, ugali wetu, alikuwa anaisemesha kwanza. Lakini si habari zake ninazotaka kusimulia. Kazi ilipokwisha alisafisha kipande kile, akaleta udongo wa kichuguu, akaniambia, «Panda.» Nikapanda lengalenga, mchicha wetu, na matembele. Watoto wetu wote walikula pale.

Halafu wakaja wale wa kituo cha chuo kikuu. Kazi yao, walisema, ni kusaidia wakaaji wafufue ardhi iliyoharibiwa na viwanda. Watu wapole, viatu visafi. Walituita katika ukumbi wa parokia, wakatupa mikate na Fanta, wakauliza kila mtu anataka nini pale. Jirani akataka kituo cha taksi-moto, pikipiki za abiria. Pasta akataka kanisa, na lile alilo nalo halijai. Mi nikataka bustani yangu tu.

«Mama, ile bustani iko na sumu,» akasema profesa, mwanamke wa sauti ya chini. «Tutapima. Penye sumu mingi tutatosha udongo, tuutupe mbali, tulete mupya, halafu utapanda bila woga.»

«Na nikikatala?»

«Utaendelea kula sumu, mama. Na kuuzishia benzako.»

Neno lile lilinichoma. Ninauza sokoni Manika, na wenye mimba ndio wateja wangu wakubwa. Nikakubali.

Wakaja na mashine kama bastola. Waliigusisha udongo, wakasoma kwenye kioo chake, na penye sumu nyingi wakachomeka bendera ndogo nyekundu. Kwangu walichomeka nyingi mpaka ungesema lengalenga zina harusi. Mi nilifurahi, kwa sababu niliwaza kila bendera ni udongo mpya unaokuja. Nikawachemshia hata mihindi.

Wachimbaji wa madini wa mikono walikuwa wamesimama kwenye ua wakitazama. Mmoja akauliza:

«Chef, hii mashini inatafuta nini?»

«Cobalt na shaba,» akajibu mwanafunzi, uso umejaa furaha. «Penye bendera njo penye mingi.»

«Aa. Asante sana, chef.»

Asante ile! Hapa Kolwezi, mtu anachimba cobalt chini ya kitanda chake mwenyewe na mke amelala juu. Na hakuna kati yetu aliyeliwaza hilo. Si profesa, si mwanafunzi, si mi na mihindi yangu.

Jumapili tulikuwa misani. Padri wetu anapenda sauti yake, mahubiri yalikwenda mpaka njaa ikatuuma. Narudi na kitenge changu cha chama cha wamama, nasikia sepetu. Kila bendera imekuwa shimo. Lengalenga zimeng'olewa, zimetupwa rundo, na mtu amejisaidia juu yake. Mwingine anapenga kamasi kwa bendera.

Na ndani ya shimo moja nani? Mtoto wa mdogo wangu, anayelala nyumbani kwangu na kula katika sufuria yangu.

«Na weye?»

«Mama mukubwa, batu ba univerisite njo banatuonyesha. Ulitaka Mungu ashuke mwenyewe na bendera?»

Wenzake wakacheka. «Kambo, bibi yetu, lete maji ya kunywa!»

«Leta na ile mihindi!»

Profesa alipokuja alisimama kwenye ukingo, mkono mdomoni. Akasema sasa hawawezi kuleta udongo mpya, pamekuwa machimbo, ruhusa yao imekufa. Halafu akaniomba nisimame karibu na shimo anipige picha. Nikamwambia, «Piga shimo, linatosha.» Huruma yake ilininukia vibaya kama lile rundo.

Jioni mtoto wa mdogo wangu akaleta viroba uani, akaanza kuosha udongo atoe madini, katika beseni langu, lile la kuoshea mboga. Hata hakuniomba. Kisha akanipa fungu la lengalenga, mizizi ina tope bado.

«Nilikuchungia, mama mukubwa, isitupwe. Pika.»

Nikaliweka chini. Majani mapana, ya kijani kizito, mazuri kama yale niliyowafungia wenye mimba miaka yote ile.

Akayapika mwenyewe. Akachukua bukari yangu, akala, akalamba vidole.

«Kitamu,» akasema. «Ile ya weye inakuwaka tamu kupita ya bengine.»

Nikatoka nje. Nilitapikia kando ya beseni, na ndani yake bustani yangu ilikuwa imelowekwa.