Kibuyu Ambacho Mama Hakukionja

Mwaka 1998, kiangazi, nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu na darasa la tatu tu, kijiji chetu cha Busunzu kilinuka ndizi zilizovundikwa shimoni. Mama alikuwa amewaahidi pombe majirani waliomsaidia kuvuna maharage. Kwetu Waha, mwenye pombe hunywa kwanza mbele ya wageni, ili wajue haina sumu. Lakini mama alikuwa ameokoka mwezi ule, akaapa kanisani mbele ya mchungaji kwamba kileo hakitagusa tena ulimi wake. Akakiweka kibuyu katikati ya wageni, akarudi jikoni. Mzee Bukuru alikunywa kuliko wenzake. Kabla ya Jumapili akafa. Tabibu wa zahanati alisema ni malaria; kijiji kikasema ni mama.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana kutoka Tanga, hakujua lolote. Aliandika ubaoni neno wary, akaeleza kwamba si woga wala chuki: ni hali ya mtu anayekisogelea kitu huku akikitazama, kama upitavyo karibu na mbwa usiyemjua. Akaomba mfano. Adela, binti wa marehemu, akasimama, akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, sisi nyumbani tuko hivyo kwa mama yake huyu."

"Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Wakapiga.

Tangu hapo hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu, wala aliyekubali maji yetu. Leo mimi ni mjane hapa Kasulu, na sijawahi kumpa mgeni chai kabla ya kunywa funda moja mbele yake. Wanangu, wanaoamini kizibo chochote cha kiwandani, huniona mshamba. Na wanione.

Jumamosi, tarehe 12 Septemba mwaka ule, wazee walikaa barazani. Wakaamua: mama aonje pombe mpya hadharani, ama tuhame kabla ya mvua. Kibuyu kikawekwa mbele ya mama.

"Huyo Yesu wako hana kiu?" mjane wa Bukuru akamuuliza. "Mwonjeshe, mama Debora."

Mama akainama, akavuta mrija hadi mashavu yakajaa, akameza. Mjane akaupokea, akaufuta kwa khanga, naye akanywa. Mwenyekiti akatangaza kwamba shauri limekwisha. Mchungaji, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu, akavaa kofia yake, akaondoka bila kumpa mama mkono.