Ulimi wa Iambe

Katika mji wetu wote wa Eleusi hakuna aliyemweza Iambe kwa mdomo. Mjakazi huyu alichechemea mguu wa kushoto tangu utotoni, lakini ulimi wake haukuchechemea hata siku moja. Wakati wa kupura shayiri wanawake wetu hupigana vijembe uwanjani, na yeye ndiye aliyewanyamazisha wote. Kosa lake lilikuwa arusini, alipomwambia mama wa bwana arusi kwamba masharubu yanampendeza. Metaneira, bi mkubwa wake mwenye nyumba, akaapa: "Ukimtania tena mgeni wangu, nakuuza!"

Basi akaja nyumbani kwake bikizee wa nguo nyeusi, akimlilia binti yake aliyetekwa. Siku ya tisa hiyo, hajala wala kunywa. Metaneira akampa kiti chake kizuri, akakataa. Akampa divai, akakataa. Mgeni kufa njaa mbele ya meko yako ni aibu isiyofutika. Watu wakabaki kunong'ona.

Iambe akaleta kigoda, akakitandika ngozi ya kondoo, na mgeni akakaa. Minong'ono ile Iambe aliijua. Alipozika mwanawe wa pekee, watu walinong'ona mbele yake vivyo hivyo, kana kwamba maiti ni yeye.

"Bibi," akasema kwa sauti, "umenuna hivyo, kwani umeolewa na mume wangu?"

"Iambe!" Metaneira akafoka.

"Niuze, bi mkubwa, ila ngoja nimalize. Bibi, mume wangu alikoroma mpaka punda wa jirani akawa anamwitikia. Asubuhi moja nikawachanganya: punda nikampa uji, mume nikamtia hatamu. Hakuna aliyelalamika!"

Mdomo wa mgeni ukatetemeka. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi.

"Nipe maji ya shayiri na mnanaa," akasema. Akanywa yote.

Baadaye ndipo tukajua kwamba alikuwa Demeter mwenyewe, mungu wa nafaka. Nani tena angethubutu kumuuza Iambe? Tangu hapo, kila mwaka tukienda kwenye sikukuu ya Demeter, hutaniana kwenye daraja la njiani, tajiri kwa maskini.

Uzeeni Iambe alikaa pale darajani juu ya kigoda kilekile. Mwaka mmoja msichana akaona mvi zake, akainamisha macho, akapita kimya.

Iambe akagonga fimbo. "We! Kwani mimi nimekufa? Nitanie kama wenzangu!"

Msichana akageuka. "Haya, ajuza, toa mguu wako huo mbovu, umeziba daraja!"

Iambe akacheka mpaka kigoda kikatikisika. Mguu hakuutoa.